Ufa Usiozibwa

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii niliifundisha kwa miaka thelathini na sita, nikiieleza kwa mifano ya nidhamu, ya afya na ya madeni. Sasa nimestaafu, na kila asubuhi nikikaa kibarazani pangu viungani mwa Nakuru, naukodolea macho ufa ambao hakuna fundi aliyepata kuuziba wala atakayeuziba. Unashuka kutoka kaskazini mwa Ethiopia, unaipasua Kenya toka Turkana hadi Magadi, unaingia Tanzania, unaendelea hadi Msumbiji, na ungali unapanuka milimita chache kila mwaka. Tumeuita Bonde la Ufa. Ndani yake tumelima, tumechunga, tumezikana, na katika umri wangu mimi tumeanza kuchota umeme humo.

Leo sikuja na uchambuzi wa bahari za ushairi. Nimekuja na kisa cha ardhi, cha maneno, na cha kosa nililolitenda kwa kalamu nyekundu. Wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa lugha, nami naamini kisa hiki kinawahusu kuliko kinavyowahusu wahandisi.

Nilizaliwa mwaka 1960 chini ya mlima Menengai. Utotoni tuliuona mvuke ukifuka kutoka shimoni mwake asubuhi za baridi, nasi tukaamini kuna watu wanapika. Wakubwa walikuwa na maelezo mengine. Katika karne ya kumi na tisa, walisema, Wamaasai wa Ilpurko walipigana na jamaa zao wa Ilaikipiak ukingoni mwa shimo hilo, na walioshindwa wakasukumwa ndani. Mvuke ule ni roho zao zinazohangaika kutafuta njia ya kupanda mbinguni. Wasimulizi wengi hulifasiri jina Menengai kuwa ni mahali pa maiti. Nyanya yangu, ambaye hakuwa Mmaasai, aliisimulia hadithi hiyo kama kwamba waliosukumwa walikuwa wajomba zake.

Nyanya huyo alikuwa na hadithi yake mwenyewe ya ardhi. Tarehe 6 Januari 1928, akiwa kijana katika shamba la mlowezi mmoja upande wa Subukia, alitupwa chini na tetemeko ambalo wataalamu hadi leo hulitaja miongoni mwa makubwa kabisa kuwahi kutokea nchini. Alisema ardhi ilinguruma kwanza, kisha ikatembea. Nilipokuwa mwanafunzi nilimcheka kwa neno hilo: “Nyanya, ardhi haitembei, inatetemeka.” Akanijibu, “Wewe ulikuwapo?” Jibu lile nililisahau kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Katika chuo cha ualimu nilichagua masomo mawili, Kiswahili na Jiografia. Wenzangu waliuona uchaguzi huo kuwa wa ajabu. Kiswahili kilipaswa kwenda na Historia au Dini, na Jiografia iende na Hisabati au Sayansi. Nami nilikubaliana nao kimoyomoyo, kwani niliyafundisha masomo hayo mawili kama watu wawili wanaoishi nyumba moja bila kusalimiana. Saa tatu nilichora tabaka za miamba ubaoni; saa tano nilifundisha ngeli. Sikuona kwamba miamba ile nayo ina ngeli zake, wala kwamba lugha ina tabaka, nyufa na visima.

Mwaka 1984 nilipangiwa shule moja ya upili ya kutwa na bweni, upande wa kusini mwa ziwa Naivasha. Ilikuwa shule ya mabati, yenye upepo mwingi na maji haba. Usiku wanafunzi walisoma kwa karabai moja kila darasa, na karabai ilipokosa mafuta tulirudi kwenye koroboi. Lakini tukitoka nje tuliona mbali, nyuma ya majabali, mwanga mweupe uliokuwa ukiunguruma usiku kucha. Hapo ndipo palipokuwa na mitambo ya Olkaria. Sehemu yake ya kwanza, ya megawati 15, ilikuwa imewashwa mwaka 1981, na kufikia mwaka 1985 mitambo mitatu ilizalisha megawati 45. Nyaya zake zilielekea Nairobi juu ya nguzo ndefu za chuma. Sisi tulizitazama zikipita, tukarudi ndani kusafisha vioo vya taa.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake katika kitabu chochote: “Mwalimu, mvuke unatoka kwetu. Mbona stima inakwenda kwa wengine?”

Naomba nisimame kidogo kwenye neno hilo, stima. Watu wa pwani walilitumia kwa meli ya moshi, na ndugu zetu wengi wa Tanzania bado wakilisikia huiona meli. Sisi wa Kenya tulilichukua neno hilohilo, lililotokana na mvuke wa Waingereza, tukauita nao umeme. Wasanifishaji hawakulipenda, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Nililikatakata katika insha mia kadhaa na kuandika “umeme” pembeni. Umeme ni neno zuri, lina fahari ya radi na mvua, lakini ni neno la mbinguni. Watu wa Naivasha walikuwa na umeme uliotoka chini, uliozaliwa na mvuke hasa. Kwa bahati tu, na bila kamati yoyote ya istilahi, neno stima lilikuwa limesafiri kutoka meli hadi taa, kisha ardhi ya kwetu ikalirudisha kwenye maana yake ya kwanza. Hakuna mahali katika Afrika Mashariki ambapo neno hilo ni sahihi zaidi ya pale Olkaria, na pale ndipo nilipolikataza.

Kwa wasiojua jinsi jambo hili linavyofanyika, nieleze kwa ufupi kama nilivyozoea kueleza ubaoni. Mahali ardhi ilipopasuka, gamba lake ni jembamba, na mwamba ulioyeyuka uko karibu zaidi na uso kuliko kwingineko. Mvua inyeshayo kwenye kingo za bonde, kule Mau na Nyandarua, hupenya polepole kupitia nyufa, hushuka kilomita kadhaa, na huko hukutana na joto linaloweza kupita nyuzi 300 za selsiasi. Juu yake kuna tabaka la miamba iliyogeuka udongo mzito, nalo hufunika kama kawa juu ya chungu. Mhandisi hutoboa kifuniko hicho. Visima vya mwanzo vya Olkaria vilikuwa na kina cha mita 1,000 hivi. Vya siku hizi hufikia mita 3,000. Mvuke ukitoka hutenganishwa na maji, huzungusha mitambo, na maji yanayobaki hurudishwa ardhini ili kiini kisikauke. Kwa hiyo ule ufa tulioambiwa tuuzibe ndio mlango wa maji kuingia na mlango wa mvuke kutoka. Ungezibwa, tungekaa gizani.

Haikuwa rahisi. Visima viwili vya majaribio vilichimbwa Olkaria katika miaka ya 1950, na havikutoa mvuke wa kutumika. Kazi ikaachwa. Kilichoipa msukumo baadaye kilitoka mbali: bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, nchi isiyokuwa na visima vyake vya mafuta wala machimbo yake ya makaa ililazimika kujiuliza ina nini. Ilikuwa na mto Tana, na juu yake tulijenga mabwawa, Kindaruma likizinduliwa mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Lakini mto hutegemea mvua, na ukame ulipoikaba nchi kati ya mwaka 1999 na 2000, umeme ulikatwa kwa zamu, viwanda vikanyamaza. Mvuke wa Olkaria haukujua ukame. Tangu hapo mitambo imeongezeka, na leo Kenya ina uwezo wa zaidi ya megawati 900 kutoka ardhini, na sehemu kubwa ya umeme tunaoutumia hutokana na joto hilo. Hata Menengai ya utoto wangu imetobolewa. Uchimbaji ulianza mwaka 2011, na mwaka 2023 mtambo wa kwanza wa megawati 35 ukaanza kazi. Zile roho za Ilaikipiak, nikikumbuka maneno ya nyanya, sasa zinawasha taa za Nakuru.

Nirudi kwenye kosa langu.

Mwaka wangu wa pili pale shuleni niliwapa kidato cha pili insha yenye kichwa “Nyumbani Kwetu.” Mvulana mmoja wa Kimaasai, mtulivu, aliyekuwa akitembea kilomita nyingi kabla hajapata nafasi ya bweni, aliandika kurasa mbili. Aliandika kwamba nyumbani kwao mlima hupumua asubuhi, na ng'ombe husimama karibu na pumzi hiyo ili wapate joto. Aliandika kwamba vijana huenda kuchimba olkaria pangoni, wakaiponda, wakaichanganya na mafuta, wakajipaka, na kwamba mtu akiona kijana aliyepakwa olkaria hujua ametoka mlima gani.

Nilichukua kalamu nyekundu. Chini ya “mlima hupumua” nilipiga mstari na kuandika: “Mlima haupumui.” Chini ya “olkaria” nilipiga mistari miwili na kuandika: “Hili ni jina la mahali, nomino ya pekee. Haliwezi kuchimbwa wala kupondwa. Andika kwa herufi kubwa, au tumia Kiswahili sanifu.” Nikampa alama 8 kati ya 20. Juma lilelile, darasa lilelile, nilifundisha tashihisi, nikatoa mfano wa mti unaolia.

Mvulana hakubisha. Alikuja mezani kwangu, akainamisha kichwa kwa adabu, akauliza neno la Kiswahili sanifu la kitu kile chekundu wanachojipaka ni lipi. Sikulijua. Nilimwambia aandike “udongo mwekundu.” Akashukuru, akaondoka.

Neno nililolikosa ni ngeu. Nilikuja kulisikia miaka mingi baadaye kwa seremala mmoja mzee wa Mombasa, aliyekuwa akinitengenezea kabati. Alichovya uzi katika rangi nyekundu, akaunyosha juu ya ubao, akauvuta na kuuachia, ukapiga mstari mwekundu ulionyooka kama sheria. “Hii ndiyo ngeu, mwalimu,” aliniambia. Nilipofika nyumbani nilifungua kamusi. Ngeu ni rangi nyekundu ya mafundi ya kupigia mstari. Ngeu, kamusi ikaendelea, ni jeraha la kichwani linalotoka damu. Nilikaa na maana hizo mbili hadi usiku. Nilikuwa nimepiga ngeu katika daftari la mtoto, kwa maana ya kwanza. Nikajiuliza kama sikuipiga pia kwa maana ya pili.

Kadiri nilivyozidi kufikiri ndivyo kosa lilivyozidi kunifunulia matawi yake. Nilimwambia mtoto kwamba jina la mahali haliwezi kuwa nomino ya kawaida. Lakini siku hiyohiyo, katika somo la Jiografia, nilikuwa nimeandika ubaoni neno “volkano.” Volkano ni nini? Ni Vulcano, kisiwa kidogo cha Italia chenye mlima wa moto, ambacho nacho kiliitwa kwa jina la mungu wa wahunzi wa Kirumi. Jina la mahali pamoja limekuwa nomino ya dunia nzima, na sisi tumelipokea, tukalipa irabu zetu, tukalitia katika mitihani. Waingereza nao wana neno la chemchemi inayoruka juu kwa vishindo, kama zile tulizo nazo kando ya ziwa Bogoria. Neno hilo ni jina la chemchemi moja tu, Geysir, iliyoko Iceland. Mmoja wa wanafunzi wangu, ambaye baadaye alikwenda huko kusomea uchimbaji wa mvuke kama walivyofanya Wakenya wengi, alinipigia simu kuniambia amesimama mbele ya neno lenyewe. “Mwalimu, nimeliona neno kabla ya kuwa neno.”

Basi jina la pahali pa Waitalia likifika kwetu ni istilahi, na jina la pahali pa Waiceland ni istilahi, lakini la mtoto wa Kimaasai ni kosa la alama kumi na mbili. Na hata hapo nilikosea mara mbili, kwa sababu safari ya neno lake ilikuwa kinyume. Olkaria lilikuwa neno la kitu kwanza, la udongo ule mwekundu, kisha likawa jina la mlima. Nilimrudi mtoto kwa kujua etimolojia.

Kiswahili chenyewe kina mfano wa safari hiyo jikoni kwake. Wapishi wetu hutia magadi kidogo ili maharage yaive upesi, na watengenezaji wa ugoro huyasaga pamoja na tumbaku. Magadi hayo ni chumvi ya bonde hilihili la ufa, iliyoletwa juu na maji ya moto na kukaushwa na jua. Ziwa linalotoa magadi mengi kuliko yote nchini tukaliita Magadi, na tangu mwaka 1911 kuna kampuni inayoyachimba ili yatengenezewe vioo na sabuni. Neno la jikoni likawa jina la ziwa, bila mtu yeyote kulikata kwa kalamu.

Tazama pia jinsi miamba ilivyotugawia msamiati na nishati kwa vipimo tofauti. Sisi Wakenya husema “kawi,” na wizara yetu ni ya kawi, Watanzania husema “nishati.” Sisi wengi husema kreta, wao wana neno zuri “kasoko,” nalo linaikaa Ngorongoro kama kofia ya mlezi. Ufa umepita kwao pia, na mlima wao Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, ndio pekee duniani ulio hai unaotoa zaha ya aina ya kabonatiti, nyepesi na nyeusi, ambayo ikipigwa na unyevu hugeuka nyeupe. Lakini taa za Dar es Salaam hazikutoka mlimani huko. Zilitoka upande wa bahari, kwenye miamba ya mchanga wa kale ya Songo Songo, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme mwaka 2004. Nchi mbili, lugha moja, ufa mmoja, na kila moja imekuta mlango wake pengine. Neno linalotuunganisha ni “jotoardhi,” ambalo nalipenda kwa sababu limejengwa kwa matofali mawili ambayo hata mtoto anayajua. Nyanya yangu angelielewa bila kueleza.

Nilikutana tena na yule mvulana mwaka 2016, katika mazishi ya mwalimu mwenzangu wa zamani. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi kidogo na watoto waliomaliza shule. Alikuja mbele yangu, akainamisha kichwa kama zamani, nami nikamgusa utosini, kama ilivyo desturi ya kwao mdogo anapomwamkia mkubwa. Tulikaa chini ya mti. Aliniambia wamehama.

Habari hiyo ilikuwa imeandikwa magazetini. Mwaka 2014, ili kupisha upanuzi wa mitambo, familia zipatazo 150 za Kimaasai zilihamishwa kutoka vijiji vya Olkaria na kupewa nyumba za mawe katika makao mapya. Baadhi ya wakazi walipeleka malalamiko kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, usuluhishi ukafanywa, na makubaliano yakafikiwa. Nilidhani atanisimulia habari za barabara, maji na hati za ardhi. Aligusia hayo, kwa haki, akataja yaliyo mema na yasiyo mema. Nyumba, alisema, ni imara kuliko ya zamani, na watoto wana shule. Kisha akanyamaza.

“Mwalimu,” akasema, “mjukuu wangu wa kwanza amezaliwa kule kupya. Namwambia babu yako alichunga mahali fulani, ananiuliza ni wapi. Namtajia jina. Jina halina mahali pa kukaa. Kule tuliko vilima havituitiki.”

Nikamuuliza anataka nini.

“Nataka uniandikie majina. Wewe ndiwe uliyenifundisha kuandika.”

Nilishindwa kumtazama usoni. Nilimkumbusha ile insha. Alicheka. Alisema hakuisahau, kwa sababu baba yake, ambaye hakujua kusoma, alimwuliza ile mistari myekundu inasema nini, naye akaona haya kumwambia kwamba mwalimu amesema mlima haupumui. Alimwambia baba yake kwamba mwalimu ameipaka insha olkaria kwa sababu imempendeza.

Wasomaji wangu, nimepata zawadi kadhaa katika ualimu: saa ya ukutani, mbuzi, na hotuba ndefu ya kuagwa. Hakuna iliyonifikia ndani kama uongo huo mdogo wa huruma wa mtoto wa kidato cha pili.

Tulianza kazi mwezi uliofuata. Nilikwenda na daftari la kurasa mia mbili, akawaita wazee wanne na kina mama watatu. Walitaja, nikaandika. Mahali pa mvuke wa kuwapasha moto ndama. Mahali pa kuchimbia ngeu. Jiwe la kulamba chumvi. Njia ya kushukia maji. Kila jina lilikuja na maana yake, na kila maana ilikuja na sababu, na sababu nyingi zilikuwa za miamba: hapa pana harufu, pale pana weusi wa mawe ya kioo ambayo watu wa kale walichongea visu, kule ardhi hulia ukiikanyaga. Nilitambua kwamba nilikuwa nikiandika ramani ya jiolojia kwa mkono wa wachungaji. Wahandisi walipokuja na vyombo vyao walithibitisha kwa gharama kubwa mambo ambayo majina yalikuwa yakiyasema bure. Mpaka sasa tuna majina themanini na matatu. Majina kumi na moja hayana tena mtu anayejua maana yake. Tumeyaandika hivyohivyo, na kuacha nafasi wazi mbele yake.

Mtu asinielewe vibaya. Siandiki haya kuulaani mtambo. Wajukuu wangu husoma kwa stima, na ile shule yangu ya mabati hatimaye ilipata nyaya zake, ingawa ilisubiri miaka mingi. Naona pia kwamba ardhi hii imewahi kutumiwa kwa upole zaidi: kule Eburru wenyeji wamekuwa wakiunasa mvuke unaotoka ardhini, wakaupoza katika mabomba, wakapata maji ya kunywa mahali pasipo na mto, na wakulima walikaushia pareto kwa joto hilohilo. Karibu na Naivasha kuna mashamba ya maua yaliyopashwa joto na kisima. Nishati hii haitoi moshi mwingi, haingoji mvua, na ni yetu. Ninachosema ni kwamba kila nishati ina mwenyeji, na mwenyeji huyo ana lugha. Tukichota mvuke tukaacha maneno, tumechukua maji tukavunja mtungi.

Kazi hiyo ya mtungi si ya mhandisi. Ni yetu sisi tunaohesabu mizani na kugombana kuhusu vina. Popote ulipo, msomaji, iwe ni Mbeya kwenye chemchemi za Songwe, Goma chini ya Nyiragongo, au pwani kwenye matumbawe yaliyojenga kuta za Lamu, kuna mtu mzima karibu yako anayejua kwa nini jiwe fulani linaitwa hivyo. Mwulize kabla ya kumsahihisha. Nami nimeanza kuwashauri walimu vijana wanaonitembelea: kabla ya kupiga ngeu chini ya neno la mtoto, jiulizeni kama mlikuwapo.

Yule rafiki yangu, maana sasa siwezi tena kumwita mwanafunzi, aliniomba nitie ubeti mwishoni mwa daftari la majina. Mimi si malenga, ni mwalimu wa malenga. Nilimtungia beti mbili za ukaraguni, naye akaniruhusu niziweke hapa.

Mlima ulipumua, mimi nikasema sio,
Kalamu nikachukua, nikafuta simulio,
Leo ndipo natambua, nilikosa masikio,
Jina likifa njiani, nani atajua kwao?

Ngeu ni rangi ya mwamba, ngeu ni jeraha pia,
Mwanga umejaa vyumba, na mwenyewe kahamia,
Tuandike tukiimba, wajukuu kusikia,
Jina likifa njiani, nani atajua kwao?

Alizisoma mara mbili, kisha akaniomba kalamu. Juu ya ukurasa, kwa mwandiko uleule wa kidato cha pili, akaandika alama: 20 kati ya 20. Chini yake akaongeza, kwa herufi ndogo, neno moja tu: olkaria.